Ada Iliyofichwa Katika Bei

*Bwana Mshauri, hapa Oakland, California, nilitangaziwa chumba cha hoteli kwa dola 120, kisha wakati wa kulipa ikazuka "ada ya huduma" ya dola 35. Je, ni halali?*

Ndugu msomaji, hamaki yako ni ya haki, kwani tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria ya jimbo hilo, SB 478, imeharamisha kutangaza bei isiyojumuisha kila ada ya lazima, ila kodi za serikali na gharama halisi za kusafirisha bidhaa. Na kabla yake, dhuluma iliyoje, wengi walivutwa kwa bei nafuu ya uongo. Hifadhi picha ya tangazo pamoja na stakabadhi, udai fedha zako kwa maandishi, na wakikaidi, peleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, au ufungue shauri katika mahakama ya madai madogo, ambako wakili hahitajiki.