Mbung'o: Jina Moja, Spishi Nyingi

Majina mbung'o na ndorobo hutumika kwa jenasi nzima ya Glossina, wala hayabainishi spishi. Jenasi yenyewe hutambulika kwa urahisi: katikati ya ubawa mna chumba chenye umbo la shoka. Ugumu huanzia katika spishi zinazokaribiana. G. morsitans na G. pallidipes, kwa mfano, wote wana pingili mbili za mwisho za miguu ya nyuma zilizo nyeusi. Hata hivyo, ncha za miguu ya mbele na ya kati ni nyeusi kwa G. morsitans, ilhali kwa G. pallidipes ni za rangi hafifu, kama jina lake la Kilatini linavyoashiria. Rangi isipotosheleza, viungo vya uzazi vya dume huchunguzwa kwa hadubini.

Tofauti hizi si za kinadharia tu. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina tena G. austeni, baada ya kuachiwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Mbinu hiyo hudai dume na jike wawe wa spishi moja. Kwa hiyo, mtunga kamusi hana budi kuambatanisha jina la kienyeji na lile la kisayansi.