Mazuku ya Chupani

Ninyi vijana mkaao Shasha na pande za Sake, mwalijua vema jina la mazuku. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini katika nchi yetu ya volkano, nayo yazidi uzito wa hewa tuvutayo, kama mara moja na nusu. Kwa hiyo hutulia mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani kwa macho. Mbuzi akishuka kula majani, huanguka. Mchungaji akimfuata, naye huanguka. Mtu mzima asimamaye huenda akapona pale pale afapo mtoto, kwa kuwa kichwa chake ki juu ya hewa ile.

Hakuna mwenye akili achezaye na mazuku. Mbona basi wako vijana watiao gundi ya viatu au petroli katika chupa, wakaivuta kwa hiari yao ili walewe? Desturi hii yajulikana sana Nairobi, na katika miji yetu pia imeingia. Wengi wao hawana kwao. Huvuta ili wasahau njaa na baridi. Hao siwacheki, maana njaa ya usiku ni mwalimu mkali. Lakini yule aliyeshiba nyumbani, avutaye kwa kushindana na wenzake, ajua anachokinunua?

Mvuke ule hupita mapafuni, ukafika ubongoni upesi. Kichwa huzunguka, kijana akacheka ovyo. Wakati huo huo moyo umekuwa mwepesi wa kushtuka: akikimbizwa, au akitishwa ghafula, mapigo yaweza kuvurugika akafa papo hapo, hata ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza. Avutaye ndani ya mfuko, hewa njema humwishia. Naye avutaye miaka mingi huharibika ubongo na figo. Masomo hayakai tena kichwani, na miguu hutetemeka.

Basi, ukimkuta mwenzio katika hali hiyo, usimkemee wala usimfukuze. Sema naye kwa upole, uiondoe chupa, umpeleke penye upepo, mbali na moto. Akizimia, mlaze kwa ubavu, ukatume mtu kwenye kituo cha afya. Bali aliyeanguka katika mazuku ya shimoni usimshukie kamwe: piga kelele, watu waje na kamba, avutwe kutoka juu.