"Ni Kichwa Tu": Mwenzi Mwenye Kipandauso Wakati wa Sikukuu



Bwana na bibi mmoja wa hapa Milimani, Nakuru, walikwenda kula Krismasi kwa wazazi wa bwana, upande wa Molo. Usiku wa kuamkia sikukuu bibi hakulala ila kidogo sana, kwa ajili ya Misa ya mkesha na kufunga mizigo. Alfajiri wakasafiri bila kunywa chai. Walipofika, jikoni kulijaa moshi wa kuni, redio ilikuwa juu, na unga wa chapati ulimngoja. Saa tano hivi, upande mmoja wa kichwa ukaanza kumgonga. Akatapika nyuma ya nyumba, kisha akaingia chumbani na kujifunika macho kwa leso.

Huku jikoni mawifi wakaanza: "Bibi wa Milimani hataki kushika sufuria." Mama mkwe akamwendea mwanawe, aliyeketi na wanaume penye nyama ya kuchoma, akamwuliza, "Mkeo ana nini?" Bwana akajibu bila kuinuka, "Ah, ni kichwa tu."

Dirisha lilikuwa wazi. Bibi akasikia. Mwezi wa Januari akamwambia mumewe, "Krismasi ijayo utakwenda peke yako." Ndipo wakaja kuzungumza nami.

Ndugu msomaji, neno lile dogo lilimwumiza bibi huyu kuliko kichwa chenyewe. Mwezi huu tujifunze jinsi ya kusimama na mwenzi mwenye ugonjwa huu siku ambayo nyumba imejaa watu.

Ugonjwa usioonekana

Kipandauso, ambacho hospitalini huitwa maigreni, ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Si uvivu, si hasira, wala si maringo. Kwa kawaida maumivu hushika upande mmoja wa kichwa, yakidunda, pamoja na kichefuchefu. Mgonjwa hawezi kuvumilia mwanga, kelele wala harufu kali. Wengine kwanza huona vimulimuli au mistari ya kumetameta machoni. Pasipo matibabu, hali hiyo huweza kudumu tangu saa 4 hadi saa 72. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huwasumbua sana watu wa umri wa miaka 35 hadi 45, yaani ule umri wa kulea watoto na kupokea wageni.

Kuna wanaoumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na katika siku zisizopungua 8 za mwezi ni kipandauso hasa. Hao ndio wenye kipandauso sugu. Mtu wa namna hii hawezi kuchagua siku ya kuugua.

Kwa nini sikukuu humzidishia? Kwa sababu sikukuu hukusanya vichokozi vyote mahali pamoja: usingizi mfupi, kukosa chakula kwa saa yake, safari, kiu, jua kali la Desemba, moshi, pombe, kelele na mashaka ya kuwapendeza wakwe. Wengine hushikwa hasa pale kazi za mwaka zinapoisha na mwili kulegea.

Nyumba ya Simoni Petro

Soma Injili ya Marko 1:29-31. Ilikuwa siku ya Sabato. Yesu alitoka sinagogi akaingia nyumbani kwa Simoni pamoja na wageni wengine. Mama mkwe wa Simoni alikuwa kitandani, ana homa. Tazama walivyofanya watu wa nyumba ile. Hawakumsengenya kwamba wageni wamefika naye amelala. Walimweleza Yesu habari zake. Yesu akamkaribia, akamshika mkono, akamwinua. Kuhudumia wageni kulikuja baadaye, homa ilipokwisha kumwacha.

Sisi mara nyingi tunageuza mpango huo. Tunadai huduma kwanza, kisha tunaulizia homa. Na yule aliyepaswa kueleza habari za mgonjwa anakaa kimya penye nyama.

Mliposimama mbele ya altare mliahidiana uaminifu katika ugonjwa pia. Ugonjwa wa kidonda au wa mguu uliovunjika hujieleza wenyewe. Kipandauso hakina kidonda. Mgonjwa wake anahitaji shahidi, na shahidi wa kwanza ni mwenzi wake. Mkeo akiugua kwenu, wewe bwana ndiwe mdomo wake, maana wale ni watu wako. Nawe mama, mumeo akiugua, mwelezee vivyo hivyo. Mwanamume anayejifungia chumbani siku ya Krismasi husemwa upesi kwamba amelewa.

Mambo ya kufanya

1. Semeni mapema. Wiki mbili kabla ya safari, bwana amweleze mama yake kwa heshima: "Mama, mke wangu ana ugonjwa wa kipandauso. Ukimshika atahitaji chumba chenye giza na kimya. Si kwamba amewadharau." Neno lililosemwa mapema ni taarifa. Likisemwa baada ya ugomvi, linaonekana udhuru.

2. Lindeni usingizi na chakula. Afadhali kufika saa nne mkiwa mmelala na kula kuliko kufika saa mbili mkiwa hoi. Bebeni maji na chakula cha njiani.

3. Patanisheni kazi. Mwenye kipandauso na apewe kazi iliyo mbali na moshi, kama kuosha mboga au kutazama watoto. Bwana naye achukue sehemu yake. Mwanamume kusukuma chapati si aibu.

4. Mkubaliane ishara. Mgonjwa akigusa paji la uso, mwenzake aelewe bila maswali mbele ya watu. Dawa aliyoagizwa na daktari hufaa zaidi ikimezwa mapema. Mpe maji, funga pazia, ondoa watoto mlangoni, kisha urudi ukawaeleze wenyeji.

5. Ibada isiwe mzigo. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inawaruhusu wagonjwa, na wanaowauguza, kupokea Komunyo hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Maji na dawa havivunji mfungo wa mtu yeyote. Harufu ya ubani ikimsumbua, aketi karibu na mlango. Akishindwa kabisa kwenda Misa kwa ugonjwa, hana dhambi.

Tahadhari juu ya dawa

Wengi hununua vidonge dukani kila siku. Dawa za kutuliza maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na nyingine hata siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huweza kuzidisha maumivu ya kichwa. Mwenye kipandauso sugu amwone daktari. Zipo dawa za kukinga, kama propranololi, lakini hiyo haifai kwa mwenye pumu. Basi daktari ndiye aamue.

Tena, si kila kichwa ni kipandauso. Kikija ghafula na kwa ukali usio na mfano, au pamoja na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, baada ya kuanguka, au kwa mama mjamzito, nendeni hospitali mara moja, hata kama ni Krismasi.

Mwaka uliofuata

Wale bwana na bibi walikwenda tena Molo, wote wawili. Walilala kwanza, wakanywa chai, na bwana alikuwa amekwisha kumweleza mama yake. Hata hivyo, saa nane kichwa kilikuja. Safari hii bwana aliinuka penye nyama, akampeleka mkewe chumbani, akarudi akasema mbele ya wote, "Mke wangu ni mgonjwa. Kazi yake nitaifanya mimi." Mawifi walicheka chapati zake zisizo na umbo. Jioni mama mkwe alipeleka uji chumbani kwa mkono wake mwenyewe.

Ugonjwa haukupona. Lakini bibi hajasema tena kwamba bwana atakwenda peke yake.

Maswali ya kuzungumza wawili

1. Je, ni lini niliuita ugonjwa wako jambo dogo mbele ya watu? Nimekwisha kukuomba msamaha?
2. Ukiugua kwetu, ungependa niwaambie nini ndugu zangu?
3. Sikukuu ijayo, ni kazi gani nitakupokea?

Sala: Ee Yesu, uliyemshika mkono mgonjwa nyumbani kwa Petro, tufundishe kusemeana mema na kuinuana. Amina.