Piga Hesabu ya Mkondo Kabla ya Kununua Mashine

Mkazi wa Kyuso, Nguni au Migwani anayetaka kununua mashine ya kusaga mahindi au ya kuchomelea vyuma huuliza bei kwanza. Kuna swali linalofaa kutangulia: nyaya zinazofika kwangu zitahimili mkondo kiasi gani? Wahandisi hulijibu kwa programu za kompyuta zinazoiga gridi ya umeme, kama OpenDSS, ambayo hupatikana bila malipo. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza kwa kikokotoo.

Kanuni tatu

1. Mkondo (ampea) = nguvu (wati) ÷ volteji (volti).
2. Volteji inayopotea njiani = mkondo × ukinzani wa nyaya (omu).
3. Volteji inayomfikia mteja = volteji ya transfoma − iliyopotea njiani.

Mfano

Laini ya nyaya mbili inatoka kwenye transfoma ikiwa na volti 240. Nyaya ni za alumini, milimita 50 za mraba, zenye ukinzani wa takribani omu 0.64 kwa kila kilomita. Mteja yuko umbali wa mita 600. Kwa kuwa umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, tunahesabu kilomita 1.2, yaani omu 0.77. Mota zake zinahitaji wati 9,600.

Mzunguko wa kwanza: 9,600 ÷ 240 = ampea 40. Zinapotea volti 30.8, zinabaki 209.2.

Wengi huishia hapo. Lakini mota yenye kazi ileile, ikipata volteji ndogo, huvuta mkondo mkubwa zaidi. Kwa hivyo programu hurudia hesabu kwa volteji mpya.

Mzunguko wa pili: 9,600 ÷ 209.2 = ampea 45.9. Zinabaki volti 204.7.

Mzunguko wa tatu: ampea 46.9. Zinabaki volti 203.9.

Mzunguko wa nne: ampea 47.1. Zinabaki volti 203.7.

Ukiendelea, tarakimu hazibadiliki tena. Jibu limepatikana: ampea 47, wala si 40. Aliyeweka fyuzi ya ampea 45 akidhani ana nafasi ya kutosha atakuwa amepita kiwango chake, na mota inayofanya kazi kwa volti 204 hupata joto na kuungua mapema.

Aina ya mzigo ni muhimu pia. Kifaa cha kupasha joto chenye wati 9,600 kwa volti 240 kina ukinzani usiobadilika wa omu 6. Kwenye laini hiyohiyo kitavuta takribani ampea 35 tu, na joto lake litapungua. Ndiyo maana anayetumia programu lazima aieleze kila mzigo ni wa aina gani. Akikosea hapo, jibu litakuwa kosa hata kompyuta ikiwa nzuri.

Kutoka kijijini hadi gridi ya taifa

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana. KenGen ilieleza kuwa mashine nyingine kituoni zilizidiwa na mzigo zikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikakosa umeme. Kwa programu, mhandisi huondoa transfoma moja kwenye skrini, akakokotoa upya mikondo yote na kuona ni kifaa kipi kitazidiwa, kabla ya giza lenyewe kuingia.

Hesabu hizi zinaihusu kaunti pia. Katiba imezipa kaunti jukumu katika usambazaji wa umeme, na Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wa kawi.

Mwananchi afanye nini?

- Andika wati za kila mashine, pamoja na unayopanga kununua.
- Pima umbali kutoka kwenye transfoma kwa kufuata nguzo.
- Peleka taarifa hizo kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, na umwombe akuonyeshe hesabu ya volteji itakayokufikia mashine zote zikifanya kazi pamoja.
- Ikiwa volteji itashuka mno, uliza kuhusu nyaya nene zaidi, laini ya nyaya tatu za moto, au kuiweka mashine karibu na transfoma.

Fanya hivyo kabla ya kulipa. Mashine ikishaungua, hesabu haitairudisha.