Dondoo muhimu: Kutoa injini bila kuumia

Injini ya dizeli ya pikapu inaweza kupita kilo 200, kwa hiyo kwanza amua utaining'iniza wapi. Tawi la mwembe halikuandikwa linabeba kilo ngapi. Winchi ya mnyororo imeandikwa. Isome, uitundike kwenye fremu ya chuma iliyosimama juu ya sakafu ngumu, si mchangani.

Toa waya wa hasi wa betri, mwaga maji ya rejeta yakiwa yamepoa, ziba mipira ya mafuta.

Funga mnyororo kwenye masikio ya kunyanyulia injini, kamwe si kwenye manifoldi. Kamba ya katani weka mbali. Tena mnyororo usitanuke mno: pande zake mbili zikiachana nyuzi 120, kila upande unabeba uzito wote wa injini, si nusu. Hapo ndipo mnyororo mzima kwa macho hukatika.

Gia boksi ikibaki garini, itegemeze kwa jeki kabla ya kulegeza boliti za mwisho. Nyanyua sentimita chache, simama, tafuta waya uliosahaulika. Mkono au mguu usipite chini ya injini hata kidogo. Injini ikiyumba, msiidake. Ikishatoka, sukumeni gari nyuma na mshushe injini papo hapo juu ya matairi yaliyolazwa sakafuni.