Mtu Mzima Akipotea, Sheria Haisemi Ungoje

Familia nyingi nchini Kenya zinapokwenda kuripoti mtu mzima aliyepotea huambiwa zirudi nyumbani zingoje saa 24, kwa kuwa "huyo si mtoto". Jibu hilo halina msingi. Hakuna kifungu cha sheria kinachokutaka ungoje hata saa moja. Ikiwa aliyepotea ni mzee mwenye maradhi ya kusahau, kijana mwenye kifafa au dada anayetumia dawa za akili, hali yake ni sababu ya polisi kuharakisha, kamwe si sababu ya kumpuuza.

Nikifika kituoni nidai nini?

Andikisha taarifa kwenye kitabu cha matukio (OB) na usiondoke bila nambari ya OB. Hulipi chochote. Mweleze afisa ugonjwa alionao ndugu yako, dawa anazotumia na lini anapaswa kuzimeza tena, nguo alizovaa, alama za mwilini, lugha anazosema na mahali alikozoea kwenda. Acha picha ya karibuni.

Kisha uliza jina la mpelelezi atakayeshika faili. Omba taarifa ipelekwe vituo vingine, na video za kamera za maduka na stendi zichukuliwe kabla hazijafutika. Rekodi za simu hutapewa wewe. Mpelelezi ndiye anayeweza kuziomba kwa amri ya mahakama. Mwulize ameziomba lini.

Afisa akikutupilia mbali, mkumbushe kwa upole kwamba kifungu cha 24 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinaweka kumsaidia mwananchi mwenye shida miongoni mwa kazi za polisi. Akimwita ndugu yako "kichaa", Kifungu cha 54 cha Katiba kinakataza: mtu mwenye ulemavu, ukiwemo ule wa akili, ana haki ya kutajwa kwa heshima. Kifungu cha 57 kinawalinda wazee vivyo hivyo.

Nimtafute wapi?

Sheria ya Afya ya Akili inawaruhusu polisi kumchukua mtu anayeonekana kuugua akili na kumfikisha hospitali, kwa hiyo huenda amelazwa bila jina. Uliza Hospitali ya Mathari na hospitali za kaunti, tena kwa picha, si kwa jina pekee.

Uliza pia kwenye seli. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili au jamaa, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiangukia siku ambayo mahakama haikai. Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba anashikiliwa kwa siri, nenda Mahakama Kuu uombe habeas kopasi, yaani anayemshikilia aamriwe kumleta mbele ya jaji. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kufungua kesi ya haki za kikatiba kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, bila ada ya kuifungua.

Vyumba vya maiti navyo haviepukiki. Penye mwili usiotambuliwa, omba alama za vidole zilinganishwe na kumbukumbu za vitambulisho, na mtoe sampuli za DNA. Baada ya miili kufukuliwa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ni sampuli za jamaa zilizowezesha familia za kwanza kukabidhiwa wapendwa wao Machi 2024.

Mtu asiyejulikana akipiga simu kudai pesa ili amrudishe, usitume. Peleka nambari hiyo kwa mpelelezi.

Faili ikilala?

Kupita kwa miaka si sababu ya kuifunga. Anza kwa mkuu wa kituo, OCS, kwa barua unayobaki na nakala yake iliyogongwa muhuri. Asipojibu, lalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba unaweza pia kuomba kwa maandishi kujua hatua zilizochukuliwa. Ukinyimwa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na mali yake?

Aliyepotea si marehemu. Hakuna anayeruhusiwa kugawa shamba lake, kuuza ng'ombe wake au kutoa pesa kwa nambari yake ya siri, awe kaka au mke. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepata habari zake kama yu hai, huchukuliwa kuwa amefariki. Hata hapo, nendeni mahakamani mthibitishe kabla ya kugusa urithi. Akirejea, dhana hiyo huanguka.

Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza andika daftarini kila tarehe uliyofuatilia, afisa uliyemwona na alichokujibu. Daftari hilo pamoja na nambari ya OB ndivyo vitakavyokutetea mbele ya OCS, IPOA na jaji, na kuzuia jina la ndugu yako lisisahauliwe kituoni.