Njia za Motokaa Msituni na Maji ya Malagarasi

Mtu asimamaye Katonga alfajiri, wakati mitumbwi inaporudi na dagaa wanaanikwa mchangani, ni vigumu kumsadikisha kwamba maji anayoyatazama yana uhusiano wowote na lori lililopita juzi katika msitu ulio mbali, nyuma ya milima. Lakini uhusiano huo upo, nasi twapenda kuueleza kwa wasomaji wetu, wa Kigoma na wa mikoa mingine pia, maana karibu kila mkoa una msitu wa umma, na msitu usio na alama za magurudumu siku hizi ni nadra.

Mto Malagarasi hutoka katika milima ya mpakani mwa Burundi, ukazunguka nchi kubwa, ukapokea maji ya Muyovozi, ambao wengine huuita Moyowosi, na ya Ugalla, kisha ukaingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala, kusini mwa Ujiji. Kabla ya kufika huko hupita katika vinamasi vipana vya mafunjo na mbuga zinazofurika wakati wa masika, zikizungukwa na miombo. Mwaka 2000 Tanzania iliandikisha mahali hapo, kwa jina la Malagarasi-Muyovozi, katika Mkataba wa Ramsar unaolinda nchi za majimaji. Ni hekta 3,250,000, napo palikuwa pa kwanza kuandikishwa katika nchi yetu. Kazi ya vinamasi hivyo ni kama ya chujio la mama wa nyumbani: maji yenye udongo hupunguza mwendo kati ya mafunjo, matope yakatua, na maji yakaendelea na safari. Matope yasipotua huko, hutua ziwani, yakafunika mawe ya ufukoni ambapo samaki wadogo wa aina nyingi, wengi wao hawapatikani popote duniani ila katika Tanganyika, hula mwani na kulea watoto wao. Dagaa ni samaki wa maji ya wazi, wala hatusemi kwamba kila usiku wa nyavu tupu umeletwa na lori. Tunasema tu kwamba ziwa ni moja.

Sasa tutazame gurudumu lenyewe. Udongo wa mbuga ni mweusi na wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka, wakati wa mvua huvimba na kunasa. Ndani yake mna nafasi ndogo ndogo zinazoshika maji, kama sifongo. Lori lenye shehena ya mbao likipita wakati udongo umelowa, nafasi hizo hubanwa, na pale lilipokanyaga hubaki mifuo miwili mirefu. Maji hayana akili ya kuchagua, hufuata mfuo. Yale yaliyokuwa yakikaa miezi mitano katika majani sasa hukimbia kwa siku chache, yakibeba udongo, na mbuga iliyokuwa na maji hadi katikati ya kiangazi hukauka mapema. Dereva wa pili akikuta mifuo imejaa tope hupita kando yake, wa tatu hupita kando ya yule wa pili, na baada ya miaka michache njia moja imekuwa kumi, sambamba, kila moja ikiwa mfereji. Tena yako makosa ya namna nyingine, nayo hufanywa na watu wenye nia njema: kuinua tuta la barabara kukatiza kinamasi bila kuweka makalvati ya kutosha. Hapo upande wa juu hufurika, miti ikafa kwa kuoza mizizi, na upande wa chini hukosa maji.

Tena njia haikai peke yake. Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya kuchukua magogo machache ya mninga yenye kibali, kesho huchukua mkaa usio na kibali, na keshokutwa jangili mwenye pikipiki. Pikipiki ni nyepesi, hilo twakubali, lakini hupita mahali ambapo lori lisingethubutu.

Je, tufunge msitu wote? Zipo hifadhi zilizofanya hivyo na zikafaulu. Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, ilikuwa pori la akiba tangu 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968, wala haina barabara ya motokaa; wageni hufika kwa boti na kupanda milima kwa miguu. Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, ni vivyo hivyo. Lakini Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa. Msitu wa umma ni kitu kingine: watu wana haki ya kuingia humo kwa kibali, kupata kuni, asali, uyoga, dawa na mbao. Ugumu ni huo.

Marekani walipambana na jambo hili katika misitu yao ya taifa. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri juu ya vyombo vya moto vinavyoacha barabara, na mwaka 2005 Idara ya Misitu ya huko ikaweka kanuni iliyogeuza mambo. Hapo kwanza, mahali pengi, gari lingeweza kupita popote pasipokatazwa. Baada ya kanuni ile, kila msitu wapaswa kutaja njia zinazoruhusiwa, kwa aina ya chombo na, ikibidi, kwa majira ya mwaka, na kuzichora katika ramani. Njia isiyo katika ramani imefungwa. Kwa maoni yetu hilo ndilo la kujifunza, kwa kuwa halimnyimi mtu msitu. Humwambia tu pa kupita. Kwetu mara nyingi njia hujifungua zenyewe, na hakuna aliyeziamua wala anayejua ni ngapi.

Wapo watakaotuuliza: Na mama anayeumwa uchungu usiku, apelekwe na nini? Swali ni la haki. Njia ya kwenda zahanati ni ya kwanza kuchorwa katika ramani, tena ijengwe juu ya nchi kavu na iwekewe makalvati, ipitike hata masika. Anayedai njia ya mkato katikati ya mbuga kwa jina la wagonjwa, ilhali analotaka kupitisha ni magunia, huyo anawatumia wagonjwa vibaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa watu wote, na Papa Fransisko katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 aliyahesabu maji safi kuwa haki ya kila mtu. Mwenye lori hununua lori, mbuga haiinunui. Neno hili twawaambia pia wenye motokaa za parokia na za mashirika yetu, ambao pengine hudhani kazi takatifu huwapa ruhusa ya kukata kona.

Sheria tunazo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya meta 60 za kingo za mto au ziwa. Basi mkutano mkuu wa kijiji waweza kukaa na kuamua njia zipi ni za magari, na mahali ambapo lori litasimama penye udongo mgumu, mzigo uletwe hapo kwa mkokoteni au baiskeli. Waweza kufunga njia za mbugani tangu mvua za Novemba mpaka nchi ikauke, kuanzia Mei. Njia kuukuu haitoshi kuikataza kwa kibao. Ichimbwe handaki mwanzoni mwake na kulazwa magogo, miche ipate kuota katika mifuo.

Na kizuizi kikiwekwa, achaguliwe mlinzi anayelipwa, tena alipwe kwa wakati. Mlinzi mwenye njaa hufungua kwa elfu mbili, na mabaya zaidi, hufungua usiku. Kijiji kisichoweza kumlipa mlinzi wa vizuizi viwili na kiweke kimoja, kwenye njia ile inayoingia mbugani, kabla ya mvua za kwanza.